Kompyuta ya Gemu Huzeekea Wapi?

Julai 2016 kampuni ya NVIDIA ilitoa kadi ya michoro iitwayo GTX 1060. Haikuwa kadi ya matajiri. Toleo lake la GB 6 liliuzwa kuanzia dola 249. Kadi mpya zilikuja na kusifiwa, lakini takwimu za kila mwezi za Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, ziliendelea kuiweka GTX 1060 kileleni mwa kadi zinazotumiwa zaidi kwa miaka kadhaa, hadi mwishoni mwa 2022. Wenye nayo hawakuwa wavivu wa kubadilisha. Gemu walizozipenda bado zilichezeka vizuri.

Umri wa mashine, basi, hausemi mengi. Kinachosema ni muda wa fremu, yaani wa kuandaa picha moja ya skrini. Skrini ikionyesha fremu 60 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 16.7 tu za kuandaa kila moja. Zikiwa 30, ina milisekunde 33.3. Ndani ya muda huo prosesa hukokotoa nani yuko wapi, risasi imegonga nini na adui ataelekea upande gani, kisha huikabidhi kazi kadi ya michoro, nayo huchora maumbo, vivuli na mwanga. Kadi inapochora fremu moja, prosesa tayari inaandaa inayofuata. Kwa hiyo mwendo wa gemu hufuata kifaa kilicho kizito kuliko mwenzake. Ikiwa kadi inahitaji milisekunde 30 na prosesa 12, prosesa mpya ya bei kali haitaongeza hata fremu moja. Mhandisi Mmarekani Gene Amdahl alijenga hoja ya jamii hiyo mwaka 1967: ukiharakisha sehemu moja ya mashine, faida yake huwekewa mpaka na sehemu ambazo hukuzigusa.

Kukitambua kifaa kizito ni kazi ya dakika chache. Mchezaji afungue programu ya bure ya kuonyesha idadi ya fremu, kama MSI Afterburner, aingie kwenye gemu inayomsumbua, kisha apunguze ukubwa wa picha kutoka 1080p hadi 720p. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo inayochelewesha.

Lakini kipimo hicho kitadanganya iwapo mashine inaungua kwa joto. Prosesa nyingi za Intel za kompyuta za mezani zina ukomo wa nyuzi 100 hivi. Zikiukaribia hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiharibike. Dar es Salaam au Mombasa, chumba chenye nyuzi 32 huipa feni hewa ambayo tayari ni ya moto, na karibu kila nyuzi inayoongezeka chumbani huongezeka pia ndani ya mashine. Juu ya hilo ongeza vumbi lililoziba mapezi ya chuma cha kupoza, na ile pesti ya kupitisha joto iliyopakwa juu ya prosesa ambayo miaka imeikausha. Brashi, hewa ya kupuliza na pesti mpya hugharimu kidogo sana, na mara nyingi hurudisha kasi ambayo mwenyewe aliiona imekufa.

Hatua ya pili kwa unafuu ni SSD, hifadhi ya data isiyo na diski inayozunguka. Diski ya kuzunguka hutumia takriban milisekunde 10 kuifikia data. SSD hutumia sehemu ndogo sana ya muda huo. Starfield ya mwaka 2023 iliorodhesha SSD kuwa sharti, hata kwenye mahitaji ya chini kabisa.

Kwa anayejenga mashine ya gemu kutoka kompyuta ya ofisi iliyotumika, kama zile zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, kizuizi huwa ni umeme. Pawasaplai za mashine hizo ni ndogo, na mara nyingi hazina waya wa kulisha kadi kubwa. Nafasi ya kadi kwenye madabodi hutoa wati 75 tu. Ndiyo maana kadi kama GTX 1650, ambayo matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada, imewafaa watu wengi.

Wapo waliobahatika zaidi. Madabodi nyingi za soketi ya AM4 zilizouzwa mwaka 2017 zilipata programu mpya ya BIOS, zikaweza kupokea prosesa ya Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022. Miaka mitano ya maendeleo kwa kubadilisha kifaa kimoja tu! Laiti watengenezaji wote wangeiga mfano huo.

Hata hivyo, ipo milango ambayo hakuna usafi wala SSD inayoweza kuifungua. Indiana Jones and the Great Circle, ya Desemba 2024, inadai kadi yenye saketi maalumu za kufuatilia miale ya mwanga. GTX 1060 haina. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa nyingi zilizotoka kabla ya 2018.

Kwa hiyo anayecheza Dota 2 au GTA V ya zamani na kuridhika, asafishe mashine, aweke SSD na aziache pesa nyingine benki. Anayezitaka gemu mpya aanze na kadi, na kabla ya kuilipia asome wati zilizoandikwa kwenye lebo ya pawasaplai yake.