Laptopu ya kurekodia muziki nyumbani: Usidanganywe na stika ya 'i7'

Kutoka Mbweni hadi studio za mjini ni safari ya Barabara ya Bagamoyo na foleni yake, na ukifika lazima ulipie. Ndiyo maana vijana wengi wanaanzia chumbani: laptopu, maiki, hedifoni, kazi inaanza.

Shida inakuja pale laptopu iliyonunuliwa kwa akiba ya miezi kadhaa inapogoma kwenye wimbo wa kwanza. Sauti inakatika, biti inaruka, na muuzaji hataki kusikia habari ya kurudisha hela.

Habari njema ni kwamba huhitaji mashine ya bei mbaya. Singeli ilikua kwenye studio ndogo za uswahilini. Studio ya Sisso ya Mburahati ilitengeneza ngoma zilizotoka 2017 kwenye albamu ya Sounds of Sisso, kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Cha muhimu ni kujua unanunua nini.

Prosesa: soma namba, siyo stika

Wengi wakiona 'i7' wanajua wameula. Siyo kweli kila mara.

Chukua mfano huu. Core i7-7500U ina viini 2 tu vya kufanyia kazi. Core i5-8250U, ambayo kwa jina inaonekana ya chini, ina viini 4. Ukirekodi wimbo wenye sauti nyingi, hiyo i5 inaipita i7 bila shida.

Siri iko kwenye namba baada ya kistari. 7500 maana yake kizazi cha 7, na 8250 ni kizazi cha 8. Ukiona 1135G7, hicho ni kizazi cha 11. Herufi ya mwisho nayo inaongea: U ni ya kubana umeme, H ina nguvu zaidi lakini inakula chaji na kupata joto haraka.

Kwa laptopu za Intel, anzia i5 ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kuna sababu nyingine pia: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa sehemu kubwa inakubali Intel kuanzia kizazi hicho. Kwa AMD, tafuta Ryzen 5. Celeron ziache kwa wanaochapa barua.

MacBook Air ya M1, iliyotoka 2020, nayo ni nzuri kwa kazi hii. Haina feni, hivyo hakuna kelele inayoingia kwenye maiki, na programu ya GarageBand ni ya bure. Ila RAM yake huwezi kuongeza baadaye, kwa hiyo chagua vizuri tangu mwanzo.

Kwa nini sauti inachelewa?

Unaimba, halafu unajisikia kwenye hedifoni baadaye kidogo, kama mwangwi. Hapo ndipo wengi wanapolaumu maiki.

Ukweli ni kwamba kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuichakata. Kwa kawaida inachukua sampuli 44,100 kwa sekunde. Fungu la sampuli 128 ni karibu milisekunde 3, huwezi kugundua. Fungu la 1,024 ni kama milisekunde 23, na safari ya kuingia na kutoka inaongeza tena. Hapo lazima utoke nje ya biti.

Ukipunguza fungu, prosesa inabanwa zaidi, na ikiwa dhaifu sauti inakatika. Ujanja ni huu: weka fungu dogo wakati wa kurekodi, kubwa wakati wa kuchanganya sauti. Kadi ya sauti ya nje, ile inayochomekwa kwenye USB, nayo inasaidia sana.

RAM na diski

GB 8 za RAM zinatosha kuanzia. GB 16 ni raha, hasa ukitumia vinanda na ngoma za kompyuta kwa wingi.

Diski iwe SSD. Ile ya zamani inayozunguka ni ya polepole na inapiga kelele. Nafasi inaisha haraka pia: sauti moja ya dakika 4 kwa ubora wa biti 24 na 48 kHz ni karibu MB 35. Zikiwa 20, ni kama MB 700 kwa wimbo mmoja.

Joto la Dar na chumvi ya baharini

Prosesa ikipata joto inapunguza kasi yenyewe ili isiungue. Feni nayo inavuma, na maiki inanasa kila kitu. Usiweke laptopu juu ya kitanda. Iweke mezani, mbali na maiki.

Kwa wakazi wa karibu na bahari, upepo wa chumvi unakula vyuma taratibu. Ukimaliza kazi, ifunike au irudishe kwenye begi.

Ukiwa dukani, fanya haya

Kwa laptopu za mtumba, Kariakoo au kwingineko, usitoe hela kabla ya ukaguzi:

• Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Fungua sehemu ya utendaji uone jina la prosesa, viini, RAM na aina ya diski.

• Chomoa chaja, iache itumie betri kwa angalau dakika 15. Ikishuka kwa kasi, umeme ukikatika katikati ya kurekodi umekwisha.

• Chomeka kitu kwenye kila tundu la USB na la hedifoni.

• Cheza video ndefu, sikiliza feni, gusa chini uone joto.

Hela haitoshi?

Tanguliza prosesa, maana kwenye laptopu nyingi haibadilishwi. RAM na SSD unaweza kuongeza baadaye, ila muulize fundi kwanza kama modeli hiyo inaruhusu.

Na usimalize bajeti yote kwenye laptopu. Bakiza ya maiki, kadi ya sauti na hedifoni. Prosesa kali haiwezi kusafisha sauti iliyorekodiwa kwa maiki mbovu.