Mnatafuta mtoto? Yapi ni bure, yapi ni nafuu, na yapi mtalipa wenyewe

Ni swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: "Tumeoana miaka kadhaa na mtoto hajaja. Je, serikali ya hapa inasaidia gharama za vipimo na matibabu?" Jibu ni ndiyo, ila msaada huo una ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni bure. Ya pili unalipa kulingana na kipato chako. Ya tatu utatoa sehemu kubwa kutoka mfukoni mwako.

Watu wengi huumia kwa sababu huanzia juu. Wanakopa fedha, wanakwenda kwa daktari wa binafsi, wanalipia vipimo ambavyo wangevipata kwa bei ndogo, na fedha inapokwisha ndipo wanaulizia kliniki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: anzeni chini, mpande mkihitaji.

Jambo moja lieleweke mapema. Serikali haikupi fedha mkononi kwa ajili ya kutafuta mtoto, na SASSA haina ruzuku ya jambo hili. Msaada umo ndani ya huduma yenyewe: unatibiwa, na sehemu ya gharama, au yote, inabebwa na serikali.

Lini mwende, na nani aende

Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa kuna tatizo la uzazi pale watu wawili wanapokutana mara kwa mara kwa miezi 12 bila kinga wala uzazi wa mpango, na mimba isipatikane. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, msingoje zaidi ya miezi 6. Msingoje kabisa kama hedhi yake haina mpangilio, kama mimba zimekuwa zikiharibika, au kama mmoja wenu aliwahi kupata ugonjwa wa zinaa, kifua kikuu, au upasuaji wa tumbo au wa sehemu za siri.

Hamko peke yenu. Mwaka 2023 shirika hilo lilitangaza kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia tatizo hili wakati fulani maishani.

Nendeni wawili. Kule nyumbani mama mkwe na mawifi humtazama mke kwanza, lakini katika karibu nusu ya wanandoa wenye tatizo hili, upande wa mume nao una sehemu yake. Kipimo cha mbegu za kiume ni rahisi, hakiumi, na ni miongoni mwa vipimo vya bei ndogo. Mume asipopimwa, mke anaweza kuchomwa sindano, kupigwa picha na hata kupasuliwa, kumbe tatizo haliko kwake.

Ngazi ya kwanza: kliniki ya mtaa

Sheria ya Taifa ya Afya ya 2003 inasema huduma ya msingi katika kliniki za umma ni bure kwa kila mtu asiye na bima ya afya. Imeandikwa "watu wote", si raia peke yao. Kwa hiyo ukiwa Fordsburg au Mayfair, anza na kliniki ya umma iliyo karibu na unapoishi.

Muuguzi atakuuliza habari za hedhi, mimba zilizopita, dawa unazotumia, sigara na pombe. Mwambie ukweli, hata kama kuna mtoto wa zamani au mimba iliyotolewa ambayo mwenzako haijui. Sheria hiyohiyo inamzuia kutoa siri yako. Unaweza kuomba kuzungumza naye peke yako kwanza.

Kliniki hupima na kutibu magonjwa ya zinaa, na hapo usione aibu. Katika nchi zetu sababu kubwa ya wanawake kukosa mimba ni mirija ya uzazi kuziba baada ya maambukizi ambayo hayakutibiwa, kama kisonono na klamidia. Kliniki hupima pia VVU na kutoa dawa bure. Mtu mwenye VVU anayetumia dawa vizuri anaweza kupata mtoto asiye na virusi, kwa hiyo majibu hayo si mwisho wa safari.

Unachotaka kutoka nacho kliniki ni barua ya rufaa. Bila barua hiyo, hospitali kubwa inaweza kukurudisha ulikotoka. Hakikisha imeandika tangu lini mnatafuta mtoto na vipimo gani vimeshafanyika. Ibebe pamoja na majibu yote, na ubaki na nakala.

Ngazi ya pili: vipimo na matibabu hospitalini

Kliniki ndiyo itakayokuambia uende hospitali ipi. Kwa upande wetu wa Johannesburg, magonjwa ya wanawake hutibiwa, kwa mfano, Rahima Moosa kule Coronationville na Charlotte Maxeke kule Parktown.

Huko ndiko hufanyika vipimo vya homoni, altrasaundi ya mji wa mimba, kipimo cha mbegu za kiume, na picha ya eksirei inayoonyesha kama mirija iko wazi. Mara nyingi matibabu pia huishia hapa: dawa za kusaidia yai kupevuka, kutibu maambukizi, au kuondoa uvimbe kwenye kizazi.

Hospitali si bure kwa kila mtu. Kabla ya kumwona daktari utapita kwa karani, naye atakupanga katika kundi la malipo kulingana na kipato. Makundi hayo yana herufi H na namba. H0 ni kwa wasio na kazi na wanaopokea ruzuku ya serikali, na gharama yao hubebwa yote. H1 na H2 hulipa sehemu, na kadiri kipato kinavyopanda ndivyo malipo yanavyopanda. Wenye kipato kikubwa na wenye bima hulipa zaidi.

Je, mkimbizi yumo katika mpango huu? Ndiyo. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inampa mkimbizi haki ya huduma za msingi za afya sawa na wenyeji. Mwaka 2007 Idara ya Afya ya taifa iliyaandikia majimbo kwamba wakimbizi na waomba hifadhi wapimwe kipato kama wanavyopimwa Waafrika Kusini. Mwenye ukaazi wa kudumu au kibali halali cha kazi naye hupimwa kipato. Asiye na hati yoyote anaweza kudaiwa bei kamili. Kama ndiyo hali yako, pita ofisini kwetu kabla ya kwenda hospitali.

Kinachowagharimu wengi ni kwenda mikono mitupu. Ukikosa uthibitisho wa kipato, karani anaweza kukuandika mlipaji wa bei kamili. Bebeni hivi, vya mume na vya mke:

- Hati ya ukimbizi, hati ya muomba hifadhi au pasipoti yenye kibali, na nakala yake. Angalia tarehe ya mwisho.
- Karatasi ya mshahara, au taarifa ya benki ya miezi mitatu. Mwenye meza ya biashara sokoni aje na taarifa ya benki pamoja na hati ya kiapo inayoeleza anapata kiasi gani.
- Kama huna kazi, hati ya kiapo inayosema hivyo. Huandikwa kituo chochote cha polisi bila malipo.
- Uthibitisho wa mahali unapoishi. Kama umepanga chumba, barua ya mwenye nyumba.
- Barua ya rufaa na majibu ya vipimo.

Kipato kikibadilika, kwa mfano umepoteza kazi, omba upangwe upya. Risiti zote ziwekwe katika bahasha moja.

Una haki nyingine ambayo wachache wanaijua. Sheria ya afya inamtaka daktari akueleze njia za matibabu zilizopo, faida na hatari za kila moja, na gharama zake, na pale inapowezekana akueleze kwa lugha unayoielewa. Uliza: "Kipimo hiki ni cha nini? Nitalipa kiasi gani? Kuna njia ya bei ndogo zaidi?" Mkalimani wa Kiswahili hapatikani kila hospitali. Nenda na mtu mzima unayemwamini, na usimtume mtoto kutafsiri mambo haya.

Ngazi ya tatu: upandikizaji mimba

Upandikizaji mimba, ambao madaktari huuita IVF, ni kukutanisha yai na mbegu maabara kisha kiini kurudishwa katika mji wa mimba. Hospitali za umma zinazotoa huduma hii ni chache. Zilizo maarufu ni Steve Biko kule Pretoria, na Groote Schuur na Tygerberg kule Cape Town. Kuna foleni ndefu na masharti ya umri na afya.

Katika hospitali hizo serikali hubeba sehemu ya gharama na wanandoa hulipa iliyobaki, hasa dawa. Ni nafuu kuliko hospitali za binafsi, ambako jaribio moja hugharimu makumi ya maelfu ya randi, lakini bado ni mzigo. Utafiti uliofanywa Groote Schuur na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba zaidi ya familia 1 kati ya 5 zilitumia asilimia 40 au zaidi ya matumizi yao yote ya mwaka yasiyo ya chakula. Kwa familia maskini zaidi ilikuwa karibu nusu yao. Wengine walipunguza chakula na wengine walikopa.

Kwa hiyo kabla ya kukubali, ulizeni jumla ya gharama kwa maandishi, pamoja na dawa na nauli, na uwezekano wa kufanikiwa kwa umri wa mke. Majaribio mengi hayazai mimba mara ya kwanza. Kubalianeni mapema mtajaribu mara ngapi.

Kama una bima ya afya au unalipa kodi

Kama mwajiri wako amekuingiza katika bima ya afya, usikubali ukiambiwa tu kwamba "uzazi haumo". Kanuni za Sheria ya Bima za Afya ya 1998 zinazilazimisha bima zote kulipia kiwango fulani cha uchunguzi na matibabu ya ugumba: vipimo vya homoni, kipimo cha mbegu, picha ya mirija, uchunguzi wa tumbo kwa kamera, upasuaji wa mirija na mji wa mimba, na tiba ya kupevusha yai. Taja namba ya kanuni hiyo, 902M. Upandikizaji mimba haumo katika kiwango hicho. Mwanachama mpya pia anaweza kuwekewa muda wa kungoja, hadi miezi 12 kwa tatizo alilokuwa nalo kabla.

Unayelipa kodi ya mapato, peleka risiti SARS. Kwa mtu wa chini ya miaka 65, gharama za matibabu zinazozidi asilimia 7.5 ya kipato kinachotozwa kodi hukupunguzia kodi kwa robo ya ziada hiyo. Mfano: huna bima, kipato chako ni randi 200,000 na umelipia matibabu randi 55,000. Asilimia 7.5 ni randi 15,000. Ziada ni 40,000, na robo yake, randi 10,000, hupunguzwa katika kodi yako. Bila risiti hupati kitu.

Ukizuiwa mlangoni

Mnamo Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliwakataza Operation Dudula kuwazuia wageni kuingia hospitali na kliniki au kuwadai vitambulisho. Mtu wa kawaida hana mamlaka ya kukagua hati zako. Usibishane naye wala usipigane. Andika tarehe, saa na mahali, ondoka salama, kisha utuletee habari. Kama aliyekukataa ni mfanyakazi wa kliniki, uliza kwa upole jina lake na umwone msimamizi. SECTION27 na Lawyers for Human Rights hushughulikia kesi za namna hii.

Mambo mawili ya kuepuka

La kwanza ni mashonisa. Mkopo wa mtaani kwa ajili ya matibabu yasiyo na uhakika unaweza kuwaachia deni bila mtoto. La pili ni matangazo yaliyobandikwa ukutani yanayoahidi mimba kwa siku kadhaa. Dua na ushauri wa wazee ni haki yenu, lakini dawa usiyoijua jina inaweza kuharibu ini au kizazi, na muda unaopotea haurudi.

Mimba ikipatikana

Kuanzia hapo mambo ni mepesi zaidi. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto wa chini ya miaka 6 wasio na bima hutibiwa bure katika kliniki na hospitali za umma. Aprili 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilithibitisha kwamba haki hiyo haitegemei uraia wala hati. Nenda kliniki mapema, usingoje tumbo lionekane.

Ukitaka kusaidiwa kupanga hati, kuandika maelezo ya kipato au kuelewa barua ya hospitali, njoo ofisini na bahasha yako. Mazungumzo ni ya faragha, na mnaweza kuja wawili au mmoja mmoja.