Ssese: Visiwa vya Michikichi

Muulize mtu wa Geita visiwa vya ziwa letu, atakutajia Kome, Maisome, Izumacheli na Rubondo. Akiwa mtembezi ataongeza Ukerewe na Ukara. Ng'ambo ya mpaka hana habari nako. Kumbe huko, mbele kidogo ya Masaka, Uganda ina visiwa 84 vinavyoitwa Ssese, karibu vyote vikiwa kusini ya ikweta kama sisi. Ndivyo vinavyounda wilaya ya Kalangala, iliyomegwa kutoka Masaka mwaka 1989, na kisiwa kikubwa kuliko vyote ni Bugala. Mtu wa kanda hii ana sababu ya pekee ya kwenda kuvitazama. Katika miaka ishirini hivi vimepitia mengi yaliyotupata sisi tangu mgodi wa Geita ulipoanza kazi mwaka 2000, ila dhahabu ya kwao ina majani.

Njia haina ugumu. Wa Geita anapita Bwanga, Biharamulo, Muleba na Bukoba mpaka Mutukula. Wa Shinyanga ana hiari yake: kupitia Kahama, Ushirombo na Nyakanazi, au kuzunguka Mwanza apite juu ya Daraja la JPM, kilomita 3 kutoka Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 na kuwaondolea watu foleni ya kivuko waliyoizoea maisha yao yote. Mpakani raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki halipi viza, lakini hati ya kusafiria awe nayo, na kadi ya homa ya manjano asiisahau nyumbani. Baada ya Mutukula ni Kyotera, halafu Masaka. Ukifika Nyendo, pembeni ya mji wa Masaka, shuka uulize taksi ya Bukakata. Taksi kwa Waganda ni hiace ya abiria. Ukiuliza daladala watakutazama tu.

Bukakata ndipo lami inapoishia majini. Vivuko ni viwili, MV Pearl na MV Ssese, vinavyokwenda na kurudi hadi Luku, ncha ya Bugala iliyo karibu na bara, kwa mwendo usiofika saa moja. Nauli hakuna. Mtu, baiskeli, pikipiki, gari dogo, lori, wote wanavuka bure. Dereva anaingia na gari lake, abiria wengine wanashuka na kuingia kwa miguu, na hapo ndipo unapoona kisiwa kinaishi kwa nini. Kwenda kuna magodoro, kreti za soda na bia, mabati, mikungu ya ndizi na magari ya barafu ya kwenda kuchukua samaki. Kurudi kuna samaki wenyewe, na kuna malori ya matangi yaliyobeba mawese ghafi kwenda kusafishwa Jinja. Siku malori hayo yakiwa mengi, mwenye gari dogo atangoja. Hasira hazisaidii, kwani bila malori hayo huenda kivuko chenyewe kisingekuwapo.

Maana bure hiyo ina mlipaji. Vivuko hivyo, barabara ya kisiwani na umeme wake, ambao sehemu yake inatokana na jua, viko mikononi mwa kampuni iitwayo Kalangala Infrastructure Services, ambayo serikali ya Uganda ina hisa ndani yake kupitia Shirika la Maendeleo la Uganda. Serikali inalipa kampuni, kampuni inavusha watu. Sisi tumezoea TEMESA, chombo cha serikali kinachotoza nauli ndogo pale Nyakalilo kwenda Kome na kwingineko. Wagiriki nao, wenye visiwa vidogo vingi Bahari ya Kati, wana mtindo wao: kila njia isiyo na faida serikali huilipia kampuni ya meli, ili kisiwa chenye watu mia chache kipate meli hata wakati wa baridi ambapo hakuna mtalii. Mitindo yote mitatu inakiri jambo moja, kwamba mvuvi na mama muuza mchele hawawezi kugharimia meli peke yao. Tofauti ni nani anakaa mbele kwenye foleni.

Aliye na haraka ya Kampala hutumia njia nyingine. MV Kalangala, iliyoanza kazi mwaka 2006, imefanya safari kwa miaka mingi kati ya gati la Nakiwogo, Entebbe, na ghuba ya Lutoboka huko Bugala. Desturi yake ni kung'oa nanga Lutoboka saa 2 asubuhi na kurudi kutoka Nakiwogo saa 8 mchana. Safari ni saa tatu na nusu hivi, nauli inalipwa, na ikweta inavukwa katikati ya maji bila alama yoyote. Meli hiyo ni ya makamo sasa, kwa hiyo uliza kwanza kama haiko matengenezoni. Na hesabu watu kabla ya kupanda. Anayetoka kwetu hahitaji kukumbushwa MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220 ilhali uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waganda nao wana MV Kabalega, meli kubwa ya mabehewa iliyozama mwaka 2005 baada ya kugongana na mwenzake MV Kaawa.

Ukishuka Luku, kwa muda unaona kisiwa cha kawaida: migomba, kahawa, nyumba za matofali, ng'ombe kwenye nyasi. Halafu michikichi inaanza, na haiishi upesi. Mpango wa mawese wa Bugala, ulioendeshwa na serikali, kampuni ya Bidco na washirika wake, pamoja na mkopo wa IFAD, ulilenga hekta 10,000: 6,500 za shamba la kampuni na 3,500 za wakulima wadogo. Msitu mwingi wa asili ulikwenda na mpango huo.

Uvunaji ni kazi ya kutazamwa. Mvunaji anasimama chini ya mchikichi na upondo mrefu mkononi wenye mundu kichwani. Kwanza anakata kuti linalobeba mkungu, kisha shina la mkungu wenyewe, na mzigo wa kilo nyingi wenye miiba unaanguka kwa kishindo. Chikichi zilizopukutika, nyekundu zenye rangi ya machungwa, zinaokotwa moja moja na kutiwa gunia, kwa sababu ndizo zilizoiva na ndizo zenye mafuta. Baada ya hapo mbio zinaanza. Chikichi ikikatwa huanza kuharibika, mafuta yake hugeuka makali, na ndani ya siku moja hivi inatakiwa iwe imefika kiwandani. Ndiyo maana kiwanda kilijengwa kisiwani, Bwendero, ndiyo maana barabara ilitengenezwa, na ndiyo maana matangi yanavuka Luku kila siku.

Hapo ndipo ninapowaona wakulima wa Bugala wakiwa pabaya kuliko wachimbaji wetu wadogo. Mchimbaji wa Nyarugusu asiyeridhika na bei anafunga gramu zake kitambaani, anangoja. Na tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019 anakuta wanunuzi zaidi ya mmoja chini ya paa moja. Mkulima wa chikichi hana kitambaa. Mnunuzi ni mmoja, bei hupangwa na kamati kila mwezi, na sehemu ya malipo hukatwa kwa ajili ya mkopo wa miche na mbolea. Hata hivyo usidhani wanalia wote. Mkulima mwenye ekari chache anapata fedha kila mwezi, jambo ambalo mwenye pamba wa Kishapu, anayengoja msimu mmoja kwa mwaka, anaweza kulionea wivu. Nyumba za bati jipya na watoto walio shuleni bara ni ushahidi unaoonekana barabarani. Wanaolia zaidi ni wale waliokuwa wakilima ardhi isiyo na hati, ambayo mwenye hati aliiuza bila wao kujua. Ardhi nyingi ya Buganda ni ya hati za mailo zilizotokana na mkataba wa mwaka 1900, na aliyelima hapo kizazi baada ya kizazi anaweza kuwa mpangaji wa mtu asiyemjua. Kesi zilifika mahakamani. Waliohamishwa kupisha migodi Geita na Kahama wataielewa habari hiyo bila mkalimani.

Visiwa vingine vinategemea samaki kuliko michikichi. Bukasa, Bufumira, Lulamba na vidogo vingine vimezungukwa na mialo ya wavuvi, vibanda vya mbao vilivyobanana ufukweni, dagaa wameanikwa, baa inapiga muziki mchana. Watu wa mialo hii huishi kama wafuata rashi ya dhahabu wa kwetu: leo sangara wako huku, wote wako huku, kesho wamehama, kibanda kinang'olewa mbao na kupakiwa mtumbwini. Na maradhi ya rashi yako nayo, kwani Kalangala imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa wilaya za Uganda zenye maambukizi makubwa ya VVU. Mwaka 2017 jeshi la Uganda liliwekwa ziwani kusimamia uvuvi. Mitumbwi iliyo chini ya futi 28 na nyavu haramu vilichomwa moto. Wavuvi wetu walionja dawa kama hiyo katika Operesheni Sangara ya 2018. Hata hivyo mabondo ya sangara, yanayopelekwa China, yamefanya wengine waone hatari hiyo inafaa kuthubutiwa.

Kuna kipindi visiwa hivi vilikuwa havina mtu. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya ziwa upande wa Uganda, na Waingereza wakaamuru visiwa vihamwe. Mwaka 1909 Ssese ilikuwa inamwagwa watu wake bara, na waliobaki hai walirudi baada ya miaka mingi. Kabla ya kuhamwa, Robert Koch, mganga wa Kijerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, aliweka kambi Bugala mwaka 1906 na 1907, akawachoma wagonjwa sindano za Atoxyl, dawa yenye aseniki. Baadhi walipofuka. Msomaji wa Shinyanga ana ndugu wa habari hii mlangoni kwake: ni huko huko Shinyanga ambako Charles Swynnerton aliongoza utafiti wa mbung'o na ufyekaji mkubwa wa vichaka, na mbung'o mmoja wa nyika zetu akapewa jina lake.

Kabla ya hayo Wassese walijulikana kwa mitumbwi. Walishona mbao kwa kamba, wakalipigia kasia jeshi la majini la Kabaka wa Buganda. Na kisiwa cha Bubembe kilikuwa na hekalu la Mukasa, mungu mwenye ziwa, ambaye Waganda walimwomba samaki, watoto na upepo mwema.

Utalii uko Lutoboka: mchanga mweupe, hoteli kumi na kitu, samaki wa kuchoma, wikiendi za Wakampala. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kupita alama ya 1964 na kumeza sehemu ya ufukwe huo. Kiswahili utakitumia na askari na wavuvi waliotoka pande zetu. Kwa mama wa hotelini anza na nnyabo, kwa mzee ssebo, na matooke hayatachelewa.

Sasa michikichi inakwenda Buvuma, visiwa vingine vya Uganda upande wa Jinja, chini ya mradi wa kitaifa wa mawese ulioidhinishwa mwaka 2018. Kivuko chake kinatoka Kiyindi. Anayetaka kuona kisiwa kikiwa mwanzoni mwa mambo haya, bei zikiwa bado zinabishaniwa na mipaka ya mashamba ikiwa bado inapimwa, aende huko badala ya Bugala.