Linux, Windows au Mac: mwanasayansi achague upi?

Mtaa wa Regent Park mjini Toronto, Kanada, ulianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kuwa makazi ya watu wa kipato cha chini. Leo ni makao ya wahamiaji wengi, wakiwemo waliotoka Afrika Mashariki.

Kwa kijana wa huko anayejifunza kuandika programu za kisayansi, kuchagua mfumo wa kuendeshea kompyuta ni suala la fedha kabla ya utaalamu.

Msaada wa kawaida kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11.

Linux, iliyoasisiwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, haina malipo, nayo huzipa mashine kama hizo uhai mpya.

Isidhaniwe kuwa ni mfumo wa maskini. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zenye nguvu zaidi katika orodha ya TOP500 hutumia Linux. Niagara ya Chuo Kikuu cha Toronto, iliyozinduliwa mwaka 2018, iliitumia pia. Programu iliyoandikwa nyumbani kwa Linux huhamia huko bila taabu kubwa.

Mac ina asili ya Unix, ila bei yake ni kikwazo. Baadhi ya vifaa vya maabara bado hudai Windows, ambayo tangu 2016 huweza kubeba Linux ndani yake.

Python na R hufanya kazi kwenye mifumo yote mitatu. Aliyeazima kompyuta anaweza kuijaribu Linux kutoka kijiti cha USB, bila kufuta chochote.