Mwangwi ukizidi studioni, maneno ya wimbo humezwa

MWIMBAJI anayeingia studioni kwa mara ya kwanza aghalabu humwomba fundi wa mitambo jambo moja: amwongezee mwangwi. Sauti kavu iliyonaswa karibu na maikrofoni humtia haya, kwani huiona nyembamba na kila pumzi husikika. Mwangwi huipaka sauti hiyo mafuta ikang'aa, utadhani mwenyewe anaimba katika kanisa kuu. Tatizo ni kwamba kinachoficha kasoro ndicho pia kinachomeza maneno, na nyimbo za Kiswahili, ziwe za taarabu au za injili, husimama kwa maneno.

Mwangwi huu, ambao mafundi huuita rivabu, si ule wa mlimani unaomrudishia mtu jina lake likiwa zima. Ni maelfu ya marejeo ya sauti kutoka ukutani, darini na sakafuni, yanayofika sikioni yakiwa yamesongamana hata hayatenganishiki. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukuta ulio umbali wa mita 17, basi, huirudisha baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, nayo hugonga ukuta mwingine, na mwingine, hadi ikafifia.

Mmarekani Wallace Sabine, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kuupima mwangwi mnamo 1895 baada ya kuombwa kutafutia dawa ukumbi wa mihadhara ambamo wasemaji hawakueleweka. Humo neno moja lilidumu hewani kwa zaidi ya sekunde tano, huku mengine kadhaa yakilifuata na kulikanyaga. Dawa yake ya majaribio ilikuwa mito ya viti iliyoletwa kutoka ukumbi mwingine, kwani vitu laini hufyonza sauti.

Wanamuziki walitaka kinyume chake. Mnamo 1947, Bill Putnam wa Chicago alitumia bafu kama chumba cha mwangwi wakati wa kurekodi. Miaka kumi baadaye kampuni ya Kijerumani ya EMT ikaleta bamba kubwa la chuma lililotikiswa kwa umeme. Leo kazi hiyo hufanywa na programu ya kompyuta, na urahisi huo ndio uliozidisha matumizi mabaya.

Katika programu hizo, kipimo cha kwanza ni urefu wa mkia, yaani muda ambao mwangwi huchukua kushuka kwa desibeli 60. Wimbo wa taratibu huweza kubeba sekunde mbili. Wa kasi hulemewa hata na sekunde moja na nusu. Kipimo cha pili, ambacho wengi hawakigusi kabisa, ni pengo kati ya sauti yenyewe na mwanzo wa mwangwi. Pengo la milisekunde 20 hadi 60 huiacha silabi itamkwe kwanza, ndipo mwangwi uifuate kwa nyuma. Aidha, mafundi stadi huchuja mwangwi wenyewe, wakiondoa mivumo mizito iliyo chini ya hezi 200 na kupunguza ile ya juu inayokuza mlio wa "s" na "sh".

Kwa nini Kiswahili kihitaji uangalifu zaidi? Takriban kila silabi yake huishia kwa irabu, na irabu ndiyo yenye nguvu na mkia mrefu. Konsonanti inayofuata ni dhaifu, hivyo hufunikwa upesi. Isitoshe, maana nzima huweza kuning'inia kwenye silabi moja ya katikati. "Alinipenda", "ananipenda" na "atanipenda" zinatofautiana hapo tu. Silabi hiyo ikizama, msikilizaji hajui kama anayeimba anaomboleza, anafurahi au anatumaini.

Makanisani hali huwa mbaya zaidi. Jengo la kuta za mawe, sakafu ya saruji na paa la mabati tayari lina mwangwi wake. Kuongeza mwingine kwa mitambo ni kutia chumvi katika maji ya bahari, na kuusahau ukiwa umefunguliwa wakati mhubiri anasema ni kumnyima hadhira. Ikumbukwe pia kwamba ukumbi mtupu wakati wa majaribio huvuma kuliko ukijaa watu, maana miili na mavazi hufyonza sauti.

Njia ya kuaminika ya kurekebisha ni kuuongeza mwangwi mpaka usikike waziwazi, kisha kuupunguza mpaka usikike tu pale unapozimwa. Baada ya hapo wimbo usikilizwe kwa spika ndogo ya simu, mbele ya mtu asiyeyajua maneno yake, naye aombwe kuyaandika. Penye neno alilokosea, fundi afupishe mkia au aongeze pengo, kabla ya kumlaumu mwimbaji kwa matamshi.