Rekodi sita za ugaidi, kutoka Ziwa Victoria hadi Ruvuma

Kwa mkazi wa Ndama, wilayani Karagwe, al-Qaeda na al-Shabaab ni majina ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Hata hivyo, orodha hii inaanzia kwenye meli ambayo watu wa Karagwe na Kyerwa waliizoea kwa safari za Mwanza. Pia inaonyesha kwamba mengi ya makundi haya yalianza na ugomvi wa nyumbani. Bendera ya kigeni ilikuja baadaye.

Kigogo mkubwa zaidi wa al-Qaeda kufia kwenye maji yetu
Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Zaidi ya watu 800 walikufa, katika meli iliyoruhusiwa kubeba abiria 430. Miongoni mwao alikuwa Abu Ubaidah al-Banshiri, Mmisri aliyekuwa mkuu wa kijeshi wa al-Qaeda na mtu wa pili kwa Osama bin Laden. Alikuwa akisafiri chumba cha daraja la pili kama abiria yeyote. Kundi lake liliwatuma watu ziwani kuhakikisha kweli amekufa. Mmoja wao alikuwa kijana wa Komoro, Fazul Abdullah Mohammed.

Shambulio lililoua wengi zaidi Kenya na Tanzania
Agosti 7, 1998, mabomu yalilipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam kwa kupishana dakika chache. Waliokufa ni 224: Nairobi 213, Dar es Salaam 11. Waliolengwa walikuwa Wamarekani, lakini Wamarekani waliouawa walikuwa 12 tu. Waliobaki, karibu wote, ni makarani, walinzi, wapita njia na abiria wa Nairobi na Dar.

Mlipuko mmoja uliochukua roho nyingi kuliko yote
Oktoba 14, 2017, lori lilipasuka kwenye makutano ya Zoobe, Mogadishu. Watu 587 walikufa, karibu wote Waislamu. Al-Shabaab, waliolaumiwa, hawakudai kuhusika. Kundi hilo lilikuwa tawi la vijana la Mahakama za Kiislamu zilizoshika Mogadishu mwaka 2006, na majeshi ya Ethiopia yalipoingia mwishoni mwa mwaka huo likapata hoja ya kukusanyia wapiganaji. Lilijiunga rasmi na al-Qaeda mwaka 2012. Kwa upande wa Kenya, siku mbaya zaidi tangu 1998 ilikuwa Aprili 2, 2015, lilipovamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wakiwemo wanafunzi 142.

Kundi lililohama mbali zaidi na chanzo chake
Kundi la waasi la ADF lina mizizi kwa majirani zetu Uganda, katika mzozo wa nani awaongoze Waislamu wa nchi hiyo. Mwaka 1991 vijana wa vuguvugu la Kiislamu la Tabligh walivamia makao makuu ya Baraza Kuu la Waislamu, Old Kampala, na baadhi yao wakafungwa. Mmoja wao, Jamil Mukulu, mzaliwa wa familia ya Kikristo, aliibuka kuwa kiongozi wa waasi katika milima ya Rwenzori, kisha wakahamia Kongo. Mwaka 2015 alikamatwa hapa Tanzania na kurudishwa Uganda. Mrithi wake, Musa Baluku, aliliingiza kundi chini ya Dola la Kiislamu. Juni 2023 wapiganaji wake walirudi Uganda na kushambulia shule ya sekondari Mpondwe, wakaua wanafunzi 37.

Wiki tisa nzito zaidi
Oktoba 5, 2017, wapiganaji walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, Msumbiji, na vita vya mkoa wa Cabo Delgado vikaanza. Siku tisa baadaye ikaja Zoobe. Desemba 7, kambi ya Umoja wa Mataifa huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa na wanajeshi 15 wa JWTZ wakauawa. Lawama zikaelekezwa kwa ADF. Oktoba 2020, moto wa Cabo Delgado ulivuka Ruvuma hadi kijiji cha Kitaya, Mtwara.

Aliyesakwa kwa miaka mingi
Yule Fazul aliyetumwa Mwanza ndiye aliyekuja kuongoza mpango wa bomu la Nairobi. Marekani ilimwekea dau la dola milioni 5. Alikwepa kwa karibu miaka 13, hadi Juni 2011, gari lake lilipopotea njia usiku na kuangukia kizuizi cha wanajeshi wa serikali, Mogadishu. Walimpiga risasi bila kumjua.

Mabilioni yamemwagwa kuwasaka viongozi, na wengi wamepatikana au kufa. Mukulu yuko mikononi mwa dola tangu 2015, lakini ADF bado linaua. Kikulacho ki nguoni mwako: ugomvi wa msikiti, wa ardhi au wa ajira usiposuluhishwa mapema na wanaohusika, hakosekani mgeni wa kuuchukua.