Mvinyo wa Porto: Mvumilivu hula mbivu, lakini nani anamudu kusubiri?

MEZA ndefu imetandikwa karatasi nyeupe. Mbele ya kila kiti zimechorwa duara 12 zenye namba, na juu ya kila duara imewekwa glasi ndogo. Watu ni 12 na chupa ni 12, kwa hiyo glasi ni 144. Kila mtu ana kalamu na daftari lake. Katikati ya meza kuna maji, mikate na jibini, na pembeni kuna ndoo ya kutemea.

Hii si harusi wala kikao cha bodi. Ndivyo inavyokuwa pale wapenzi wa mvinyo wa Porto wanapokutana kuonja chupa za zamani, jambo ambalo hufanyika mara nyingi jijini London na katika miji mingine ya Ulaya na Marekani. Chupa zilizopo mezani zinaweza kuwa na umri wa miaka 20, 30 au hata 50.

Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo, jambo hili linaweza kuonekana ni anasa ya watu wenye fedha za kuchezea. Hata hivyo, ndani ya glasi hizo 144 kuna swali ambalo kila mkulima analijua vizuri: mazao yakipanda bei baada ya kukaa ghalani, faida huenda kwa nani?

Mvinyo wenyewe

Porto hutoka katika bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno. Jina lake limetokana na mji wa Porto, ulioko pale mto huo unapoingia katika bahari ya Atlantiki. Uhusiano wake na lugha yetu ni wa siku nyingi, kwani maneno "mvinyo" na "pipa" yote mawili yaliingia katika Kiswahili kutoka Kireno. Hadi leo wakulima wa Douro huhesabu mavuno yao kwa pipa, na pipa moja kwa hesabu yao ni lita 550.

Mizabibu hupandwa kwenye matuta yaliyochongwa katika milima ya mawe. Zabibu zikivunwa hukanyagwa, kwa mashine au kwa miguu ndani ya matangi ya mawe, na maji yake huanza kuchacha. Kabla sukari haijaisha, hutiwa brandi ya zabibu yenye kilevi cha asilimia 77, kwa kiasi cha karibu sehemu moja ya brandi kwa sehemu nne za mvinyo. Kuchacha husimama hapo hapo. Mvinyo hubaki mtamu, huku kilevi kikiwa karibu asilimia 20.

Porto nyingi huchanganywa kutoka mavuno ya miaka mbalimbali na kuuzwa ikiwa tayari kunywewa. Aina inayowakutanisha wapenzi hao huitwa vinteji. Hii hutokana na mavuno ya mwaka mmoja tu, tena mwaka ulio mzuri. Kampuni hupeleka sampuli kwa taasisi ya serikali inayosimamia mvinyo wa Douro na Porto, na ikikubaliwa, mvinyo huo huwekwa kwenye chupa kati ya mwaka wa pili na wa tatu baada ya mavuno. Kuanzia hapo kazi hufanyika ndani ya chupa, gizani, kwa miaka mingi.

Kwa wastani, kampuni kubwa hutangaza vinteji mara tatu hivi katika kila miaka 10. Miaka ya 1963, 1977, 1994 na 2011 ni kati ya ile inayotajwa kwa heshima. Kutangaza miaka miwili mfululizo, kama walivyofanya wengi kwa mavuno ya 2016 na 2017, ni jambo la nadra. Vinteji ni takriban asilimia 2 tu ya Porto yote, lakini ndiyo inayobeba jina la Porto yote.

Ushirika wa siku moja

Kwa nini watu wakutane? Jibu ni la kiuchumi. Chupa ya vinteji haigawanyiki dukani. Anayetaka kuonja miaka 12 tofauti itambidi anunue chupa 12. Isitoshe, chupa kuukuu ikishafunguliwa haikai, na katika siku chache tu huanza kupoteza ladha. Mtu mmoja hawezi kuimaliza kwa busara, na akiiacha inaharibika.

Lakini watu 12 wakikubaliana kila mmoja alete chupa moja, kila mmoja hutoa moja na kuonja 12. Huo ni ushirika kamili, ingawa ni wa siku moja, na kama ushirika wowote, hufa au hupona kutokana na kanuni zake.

Kanuni ya kwanza ni kukubaliana juu ya mada. Wengine huchagua mwaka mmoja na kulinganisha kampuni mbalimbali. Wengine huchagua kampuni moja na kulinganisha miaka yake. Bila mada, watu hunywa lakini hawajifunzi.

Kanuni ya pili ni orodha. Mwandalizi huandika mapema nani analeta nini, ili asiwepo wa kuleta chupa hafifu na kunywa nzuri za wenzake. Thamani za chupa hukadiriwa zilingane. Gharama ya chumba, chakula na glasi hugawanywa sawa kwa sawa.

Kanuni ya tatu ni akiba. Kizibo kibovu kinaweza kuharibu mvinyo kiasi cha kunuka kama karatasi zilizolowa, na hakuna anayeweza kulijua hilo mpaka chupa ifunguliwe. Waandalizi wenye uzoefu huweka chupa moja au mbili za ziada.

Siku yenyewe

Vinteji huacha mashapo mengi chini ya chupa. Kwa sababu hiyo chupa husimamishwa wima siku moja au zaidi kabla ya mkutano ili mashapo yatulie. Siku ikifika, mvinyo humiminwa polepole kwenye jagi la kioo, taa au mshumaa ukiwa nyuma ya shingo ya chupa. Mashapo yakianza kuonekana shingoni, mmiminaji husimama. Kinachobaki hakinyweki.

Vizibo vya miaka 40 au 50 mara nyingi husagika vikiguswa na kizibuo. Baadhi ya watu hutumia koleo la chuma lililopashwa moto hadi likawa jekundu. Hubana nalo shingo ya chupa kwa muda, kisha hupitisha kitambaa chenye maji baridi, na kioo hukatika kwa usawa chini ya kizibo.

Muda wa kuacha mvinyo upate hewa hutofautiana. Ulio mchanga huhitaji saa nyingi. Mzee huhitaji saa chache, na ukicheleweshwa unaweza kuchoka kabla ya kufika mezani. Baada ya kumiminwa, kila glasi hupata kama sentilita 5. Glasi 12 za namna hiyo ni sentilita 60 za kinywaji kikali, na hiyo ndiyo kazi ya ile ndoo. Mwenye busara hutema, na gari huliacha nyumbani.

Kwa kawaida huanza na ulio mchanga na kumaliza na mzee, au kinyume chake. Katika mikutano mingine chupa hufichwa, na waonjaji huandika makadirio ya mwaka na kampuni kabla ya kufunuliwa. Mchezo huo ni wa kale. Katika mji wa Porto kuna jumba la wafanyabiashara wa Kiingereza, Factory House, lililokamilika mwaka 1790, ambako wenye kampuni hula pamoja chakula cha mchana siku ya Jumatano na wageni hukadiria mvinyo uliomiminwa. Jumba hilo lina vyumba viwili vya kulia. Chakula kikiisha, watu huhamia cha pili ili harufu ya nyama isivuruge Porto.

Mwishoni kila mtu hupiga kura ya chupa tatu alizozipenda. Matokeo huandikwa na kuhifadhiwa. Kumbukumbu hizo zikirundikana kwa miaka, huwasaidia wanunuzi kujua mwaka upi unaendelea kupendeza na upi umeanza kuzeeka vibaya. Kwa maneno mengine, meza hiyo ni sehemu ya soko.

Hesabu ya kusubiri

Je, kuweka chupa miaka 20 kunalipa? Tuchukue mfano. Mtu amenunua chupa kwa Euro 60 ikiwa changa, na baada ya miaka 20 akaiuza Euro 120. Wengi watasema amepata faida ya asilimia 100. Lakini hesabu kwa mwaka ni asilimia 3.5 tu. Ukitoa gharama ya ghala lenye ubaridi, bima na chupa chache zilizoharibika, kinachobaki ni kidogo. Ukitoa na mfumuko wa bei, anaweza kujikuta hana kitu.

Ndiyo maana wanaosubiri kwa miaka mingi ni wa aina mbili. Wapo wenye mtaji usio na haraka, na wapo wanaosubiri kwa sababu wanataka kunywa. Hawa wa pili ndio wanaokutana mezani. Faida yao hawaihesabu kwa Euro.

Mkulima wa Douro hayumo katika kundi lolote kati ya hayo. Yeye huuza zabibu zake katika msimu wa mavuno, Septemba, kwa sababu ana vibarua wa kulipa na ada za shule. Wengi wao ni wakulima wadogo wenye hekta chache, au chini ya hekta moja.

Karatasi inayotawala maisha

Ulinzi wa mkulima huyo ulianza zamani. Katikati ya karne ya 18 biashara ya Porto iliporomoka, huku kukiwa na malalamiko kuwa mvinyo ulikuwa ukitiwa maji ya matunda ya porini ili uwe mwekundu. Mwaka 1756 serikali ya Ureno chini ya Marquês de Pombal iliunda kampuni ya kusimamia biashara hiyo na kuweka mipaka ya eneo la Douro kwa mawe ya alama. Miti ya matunda hayo iliamriwa kung'olewa. Udanganyifu wa wachache ulikuwa umewaharibia bei wote.

Leo kila shamba hupewa alama kulingana na mwinuko, mteremko, udongo, aina za mizabibu na mambo mengine, kisha huwekwa katika daraja. Mashamba ya daraja A hadi F ndiyo yanayopewa kibali cha kutengeneza Porto. Kila mwaka taasisi husika hutangaza jumla ya mapipa yanayoruhusiwa, na mkulima hupata mgawo wake. Zabibu zinazozidi mgawo huuzwa kwa mvinyo wa kawaida, mara nyingi kwa bei ya chini zaidi.

Kwa hiyo karatasi ya mgawo ndiyo mapato ya familia. Mwaka 2024 jumla hiyo ilikuwa mapipa 90,000. Mwaka 2025 ilishushwa hadi 75,000, na wakulima waliandamana. Sababu iko wazi: mauzo ya Porto yamekuwa yakipungua tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na maghala yana akiba. Sheria pia huzitaka kampuni zisiuze zaidi ya theluthi moja ya akiba yao kwa mwaka. Sheria hiyo hulinda ubora, lakini pia humzuia asiye na mtaji kuingia sokoni kwa urahisi.

Mlango mmoja ulifunguliwa mwaka 1986. Kabla ya hapo Porto ililazimika kusafirishwa nje kupitia maghala ya Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Porto. Tangu mwaka huo wenye mashamba waliruhusiwa kuuza nje moja kwa moja kutoka Douro. Baadhi yao sasa chupa zenye majina ya mashamba yao huwekwa kwenye meza zile zile za duara 12, zikishindana na kampuni za karne tatu.

Funzo kwa mkulima

Waonjaji wa kahawa wa Moshi na wa chai wa Mombasa wanajua kuwa ulimi ndio unaopanga bei. Lakini ni wakulima wangapi wamewahi kukaa pamoja, wakaonja mazao ya mashamba yao bila kujua ni ya nani, na kuandika matokeo? Kwa kahawa, asali au mvinyo wa zabibu za Dodoma, zoezi hilo halihitaji chupa ya miaka 50. Linahitaji vikombe, namba, daftari na watu wanaoaminiana.

Kusubiri ni suala jingine. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, lakini Douro inaonyesha kuwa anayekula ni yule mwenye ghala na mtaji wa kungojea. Mkulima akitaka sehemu yake katika bei ya kesho, njia ni mbili: ajiunge na wenzake wawe na ghala lao, au jina la shamba lake lifike hadi kwenye chupa. Asipofanya hivyo, Septemba atalipwa bei ya Septemba, na miaka 20 baadaye watu 12 wataonja jasho lake bila kumjua.